Kanisa letu la mawe linalia maji: tubomoe au tukarabati, na waamini tuwaambie nini?

"Tumsifu Yesu Kristo. Mimi ni katibu wa kamati ya ujenzi katika parokia moja ya pwani, mkoa wa Tanga. Kanisa letu lilijengwa mwaka 1927 kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Mwaka 2014 tulipiga plasta ya saruji ndani na nje, kuanzia chini hadi usawa wa madirisha, na juu yake rangi ya mafuta. Lilipendeza sana. Haikupita miaka mitatu rangi ikaanza kuvimba na kubanduka, na sasa unyevu umepanda hadi kwenye picha za Njia ya Msalaba. Kuna ufa juu ya mlango wa sakristia na mwingine ukuta wa kusini, karibu na paa. Fundi wetu anashauri tubandue tupige plasta nzito zaidi yenye dawa ya kuzuia maji. Baadhi ya wajumbe wanataka tubomoe tujenge kubwa kabla ya jubilei ya miaka 100. Tumekusanya milioni 38 kupitia jumuiya, lakini watu wananung'unika wakiuliza fedha ziko wapi, na kwenye kundi la WhatsApp kuna maneno makali. Baba Paroko anaona tusitangaze lolote mpaka tuwe na uamuzi. Tufanye nini?"

Milele na milele, amina.

Ndugu yangu Katibu, barua yako nimeisoma mara mbili. Naona mnavyovutwa: huku jubilei, huku fundi, huku maneno ya watu, na fedha zenyewe ni sadaka za wavuvi na mama lishe. Nimekarabati majengo ya kale ya pwani kwa miaka mingi, yakiwemo makanisa ya mawe na chokaa kama lenu, kwa hiyo nitakujibu kwa urefu. Nianze na la haraka: msipige plasta nyingine ya saruji. Iwe nyepesi, iwe nzito, iwe na dawa, msiipige.

Fundi wenu si mjinga. Amejifunza kazi kwenye matofali ya saruji, na kwenye nyumba ya namna hiyo ushauri wake ungefaa. Ukuta wenu ni wa aina nyingine. Chukua andazi kavu, chovya ncha yake kwenye chai, uone chai inavyopanda yenyewe bila mtu kuisukuma. Jiwe la tumbawe na chokaa vinanyonya maji ya ardhini vivyo hivyo. Waliojenga mwaka 1927 walilijua hilo. Hawakujaribu kuyazuia maji yasiingie ukutani, waliyaachia njia ya kutoka. Plasta ya chokaa na rangi ya chokaa zina vitundu visivyoonekana kwa macho, na unyevu ulioingia usiku au wakati wa masika ulitoka wenyewe kwa jua na upepo wa bahari. Kanisa lenu liliishi hivyo karibu miaka 90.

Mwaka 2014 njia ile ya kutokea ilifungwa pande zote mbili za ukuta. Saruji inapitisha mvuke kidogo sana, na rangi ya mafuta karibu haipitishi kabisa. Maji yakaendelea kuingia kwa chini kama zamani, yakakosa pa kutokea, yakapanda mpaka yalipokuta ukuta ulio wazi. Plasta yenu iliishia wapi? Usawa wa madirisha. Unyevu sasa uko wapi? Juu kidogo ya hapo, kwenye Njia ya Msalaba. Mkiongeza plasta nzito hadi juu, maji yatapanda hadi kwenye vichwa vya kenchi, na hapo mtakuwa mmeuhamishia ugonjwa kwenye mbao zinazobeba paa.

Ule unga mweupe unaoukuta chini ya rangi iliyovimba ni chumvi. Pwani chumvi iko ardhini, iko hewani, na mara nyingi iko hata kwenye mchanga wa kujengea. Maji yakikauka yanaiacha nyuma, nayo inaganda kwa vipunje vinavyokua na kusukuma. Nguvu yake ndiyo inayobandua plasta na kulifanya jiwe liwe unga. Kwa hiyo plasta yenu haikubanduka kwa kuwa nyepesi.

Sasa swali linalopaswa kuulizwa kabla ya jingine lolote: maji haya yanatoka wapi, na kwa nini yamezidi? Hapa nikusimulie kisa. Katika parokia moja ya pwani nilizunguka kanisa siku mbili nikipima ukuta mmoja uliokuwa umelowa kuliko mingine yote, nisipate jibu. Mama mmoja mzee wa WAWATA (Wanawake Wakatoliki Tanzania), aliyekuwa akifagia kanisa tangu ujana wake, alinitazama kwa muda, kisha akaja akasimama kando yangu na kupiga kisigino juu ya vitofali vya uwanjani. "Baba, hapa chini palikuwa na mfereji," akasema. "Tulikuwa tunafulia vitambaa vya altare maji yake yakipita. Walipopanga hivi vitofali ukuta ukaanza kulia." Tulifukua. Chini ya vitofali na mchanga kulikuwa na mfereji wa mawe uliojengwa vizuri, umejaa udongo mpaka juu, na maji yote ya paa la upande ule yalikuwa yanaishia kwenye msingi. Kuuzibua kulichukua vijana wa parokia siku tatu. Kifaa changu cha kupimia unyevu kisingeniambia habari ile hata kidogo.

Kisa hiki ndicho kinachonifanya nisikubaliane, kwa heshima zote, na wazo la Baba Paroko la kukaa kimya mpaka uamuzi upatikane. Waamini si watu wa kupelekewa matokeo tu. Wao ndio kumbukumbu ya jengo. Kuna anayejua gata (mifereji ya ukingo wa paa) ziliondolewa mwaka gani, kuna ambaye baba yake alikuwa fundi wa paa, kuna anayejua kaburi la mmisionari liko chini ya sakafu upande gani. Mkinyamaza, mnajinyima habari mnazozihitaji ili muamue vizuri.

Jumapili hii, mvua ikinyesha, piteni nje ya kanisa pamoja na wazee wawili watatu. Tazameni maji yanaanguka wapi kutoka kwenye paa, na yakianguka yanakwenda wapi. Angalieni kama ardhi ya nje imepanda kuliko sakafu ya ndani, maana kila miaka michache mtu huongeza kifusi au vitofali, na baada ya miaka 100 ukuta unajikuta umezikwa nusu mita. Angalieni tangi la maji, choo na bomba la bustani. Kazi ya kwanza ya fedha zenu iko huko: paa lisilovuja, gata nzima, ardhi iliyoshushwa na kuinamishwa ili maji yaondoke ukutani. Haina mvuto kwenye picha, lakini bila hiyo kila kitu kingine ni fedha ya kutupa.

Baada ya hapo ndipo saruji iondolewe, taratibu, kwa patasi na nyundo ndogo, si kwa mashine ya kutikisa ukuta. Mahali iliposhika sana na kuvunja jiwe, iachwe mpaka mtaalamu aione. Kisha ukuta uachwe ukauke. Hapa ndipo subira za kamati nyingi huishia. Ukuta wa mawe wa sentimita 60 hauwezi kukauka kwa mwezi mmoja, utahitaji mwaka au zaidi. Katika muda huo utakuwa na mabaka na utaendelea kutoa chumvi, nanyi mtaifuta kwa brashi kavu, si kwa maji. Plasta mpya itakuwa ya chokaa iliyolowekwa vizuri, takriban sehemu moja ya chokaa kwa tatu za mchanga uliooshwa (usiotoka ufukweni), ipigwe kwa tabaka nyembamba, kila tabaka lifunikwe kwa magunia mabichi lisikaushwe na jua. Juu yake ni rangi ya chokaa. Msiweke rangi ya mafuta tena.

Kwa hiyo, ukweli kuhusu jubilei: paa, mifereji na kuondoa saruji vinaweza kukamilika kabla ya sikukuu. Plasta ya mwisho huenda isikamilike. Ningependa msherehekee miaka 100 katika kanisa lenye kuta zenye mabaka ambazo kila mwamini anajua kwa nini ziko hivyo, kuliko katika kanisa linalong'aa ambalo litaanza kuvimba tena kabla watoto wa komunyo ya kwanza hawajapata kipaimara.

Nyufa ni habari nyingine, na hapa usiniamini mimi niliye mbali. Ufa juu ya mlango mara nyingi ni wa zamani na umetulia. Ule wa ukuta wa kusini karibu na paa ndio unaonipa wasiwasi. Miguu miwili ya paa inataka kuteleza nje, kama mtu aliyesimama kwa miguu iliyotanuka juu ya sakafu yenye utelezi. Kinachoizuia ni ile mbao ya chini ya kenchi inayoshika ukuta huu na ule. Ncha za mbao hiyo zimelala ndani ya ukuta, mahali ambapo gata iliyotoboka humwaga maji na mchwa hupenda kukaa. Ncha ikioza, kenchi inatanuka na kuusukuma ukuta nje, na ufa unafunguka kuanzia juu. Upana wa ufa peke yake hauonyeshi hatari, kinachoonyesha ni kama unatembea. Chukueni penseli, wekeni alama kwenye ncha ya kila ufa na tarehe kando yake. Pigeni misumari miwili midogo, mmoja kila upande wa ufa, mpime umbali kati yake kila mwezi, muandike kwenye daftari. Msiuzibe ufa ili upendeze, maana mtakuwa mmemziba mgonjwa mdomo.

Zipo dalili ambazo hazingoji daftari. Ukuta ukionekana umeinama nje, mlango uliokuwa ukifungwa ukigoma ghafla, vipande vikianguka kwenye benchi, au mnara ukitetemeka kengele inapogongwa, nyamazisheni kengele, fungeni sehemu ile siku hiyohiyo, mhamie ukumbini. Na hata dalili hizo zisipokuwepo, kabla ya kugusa paa au ukuta wowote mumlete mhandisi wa miundo aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi, apande juu kwenye dari mwenyewe, atie kisu kwenye ncha za mbao. Mkimpata aliyewahi kufanya majengo ya chokaa, mlipieni nauli hata kama anatoka mbali. Mkandarasi naye awe amesajiliwa. Fundi wenu wa parokia msimtupe, mwekeni kwenye kazi hiyo ajifunze, kwa sababu ndiye atakayelitunza kanisa baada ya sisi kuondoka.

Nasisitiza hili kwa sababu jengo la kale huwa hatarini zaidi wakati linapokarabatiwa. Beit al-Ajaib, jumba la kale la masultani wa Zanzibar, sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020 kazi zikiwa zinaendelea, na watu wakafa. Notre-Dame ya Paris iliwaka tarehe 15 Aprili 2019 nayo ikiwa katika matengenezo, ikafunguliwa tena Desemba 2024. Kwenu ninyi maana yake ni hii: hakuna kuchomelea chuma karibu na mbao za paa bila mtu wa kubaki akilinda saa kadhaa baadaye, na hakuna kutoboa dirisha jipya kwa sababu mfadhili kaomba. Na kama paa lilibadilishwa miaka ya 1960 au 1970 kwa mabati ya kijivu yasiyo ya chuma, simameni. Huenda ni asbestosi, ambayo vumbi lake linaharibu mapafu. Isivunjwe, isitobolewe wala kusuguliwa mpaka wanaohusika na mazingira na usalama kazini wawape utaratibu.

Je, kubomoa? Sitakuambia ni dhambi. Kama idadi ya waamini imeongezeka mpaka nusu wanasali nje chini ya turubai, ukarabati hautaongeza hata benchi moja, na hilo lisemwe wazi. Lakini kanisa jipya la kutosha parokia nzima halijengwi kwa milioni 38. Nimeona zaidi ya mara moja kanisa la kale likibomolewa kwa furaha, halafu waamini wakasali miaka kumi ndani ya kuta zisizo na paa. Kama eneo linaruhusu, njia ninayoipenda ni kulinusuru la zamani kwa hatua, likabaki kwa misa za kila siku, ndoa na misiba, na jipya likaanza kando bila haraka. Kama mhandisi atasema misingi imekwisha, hapo nami nitabadili neno langu. Vyovyote iwavyo, uamuzi huo si wa kamati. Kubomoa kanisa au kulifanyia kazi kubwa kunahitaji ruhusa ya maandishi ya Askofu, na kanuni 1216 ya Sheria za Kanisa za mwaka 1983 inataka wataalamu wasikilizwe. Altare ikisogezwa, mjue kwanza kama ina masalia ya watakatifu. Sanamu na picha za kale msizipake rangi upya kwa hisani ya mchoraji wa kijijini. Kanuni 1189 inazilinda zile zenye thamani, na anayejua ipi ina thamani mara nyingi si sisi.

Nije kwenye manung'uniko. Wapo wajumbe wanaoamini kwamba mkitaja fedha, watu wataacha kuchangia. Nimeona kinyume chake kila mahali. Watu huacha kuchangia wasipojua sadaka yao iko wapi. Na wanaouliza wana haki: kanuni 1287 inawataka wasimamizi wawape waamini hesabu ya mali waliyoitoa, na kanuni 1267 inasema kilichotolewa kwa kusudi fulani kitumike kwa kusudi hilo tu. Milioni 38 za ukarabati haziwezi kununua kinanda, wala kuanzishia jengo jipya bila kuwarudia waliozitoa.

Tangazo baada ya komunyo halitoshi. Watu wamesimama, watoto wanalia, hakuna anayeweza kuuliza. Anzeni na mkutano wa parokia wenye maswali, Baba Paroko akiwepo, Halmashauri ya Walei wakiendesha. Semeni mnachokijua na msichokijua: fedha ni kiasi hiki, ziko benki, watia saini ni hawa watatu. Uamuzi bado, tunamngoja mhandisi, ripoti yake itasomwa kwenu tarehe fulani. Kosa la 2014 liungameni. Halikuwa wizi, ilikuwa kutojua, na mkilisema ninyi kwanza halitasemwa tena kichochoroni.

Kisha wekeni ubao mlangoni, namba tatu tu kila Jumapili: tulichopokea, tulichotumia na kwa kazi gani, kilichobaki. Karatasi hiyohiyo iende kwa wenyeviti wa jumuiya ndogondogo isomwe Jumamosi, maana huko ndiko watu huuliza bila aibu, na katibu wa jumuiya aandike maswali ayarudishe. Kwenye WhatsApp bandikeni picha ya ubao ule kila wiki, siku ileile, na msibishane na mtu humo. Anayetukana mwendeeni nyumbani, na mara nyingi mtakuta alichanga na hakupewa risiti. Michango kwa simu isipitie namba binafsi ya mhazini hata kama ni mtakatifu. Fungueni namba ya malipo ya parokia. Na katika makadirio tengeni asilimia 15 hadi 20 ya dharura, mkiitangaza tangu mwanzo, kwa sababu ukuta wa kale ukifunguliwa hauachi kutoa habari mbaya.

Habari mbaya hiyo ikija, waonyesheni. Parokia moja niliwashauri wachukue ncha ya kenchi iliyooza waiweke juu ya meza pale mlangoni. Kwa nje ilikuwa imepakwa rangi safi ya kahawia. Ukiigeuza, ndani ilikuwa tupu, imejaa udongo wa mchwa, na ukiibonyeza kwa kidole gumba inaingia kama mkate. Wazee waliishika mmoja mmoja, wakatazama juu kwenye dari walikokuwa wamekaa chini yake miaka yote. Hakuna aliyeuliza tena kwa nini paa linafunguliwa.

Msisahau wale ambao ratiba yao itavunjika: wachumba ambao matangazo ya ndoa yao yameshasomwa, na familia zilizotoa benchi, sanamu au kibao cha kumbukumbu. Orodhesheni vitu hivyo vyote kwa picha kabla fundi hajaingia, mwiteni kila mwenye familia yake aone vinahifadhiwa wapi. Ni kazi ya siku mbili kwa vijana wenye simu.

Mwombe Baba Paroko akuruhusu kuitisha ule mkutano, na umwonyeshe barua hii kama itasaidia. Alama za penseli wekeni wiki hii, kabla ya mvua zinazofuata. Mvua zikiisha, nitumie vipimo vya misumari, picha ya ncha za nyufa pamoja na tarehe zake, na lolote ambalo wazee watakuwa wamewaambia kuhusu mahali maji yalipokuwa yanapita zamani.